Stripu za Chini ya Boksi

Mugonile, akina mama wa usharika. Mugonile nanyi akina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango, kana kwamba mnajiandaa kutoka kabla sijamaliza. Kaeni tu. Mazao ya shukrani yamekwisha pangwa hapa mbele, hayatembei, na mimi sitawachelewesha sana, ingawa mwenyekiti wetu ananijua nikishapewa nafasi ya kusema.

Nimeombwa nitoe ushuhuda wa kupona. Nitautoa. Lakini nilimwambia mchungaji tangu juzi, na narudia mbele yenu ili asije akashangaa: huu ushuhuda wangu una kupona ndani yake, ila utamu wake ni mdogo. Kuna mtu nitamsema na jina lake sitalitaja. Wengi wenu mtamjua kabla sijafika katikati. Nawaomba kitu kimoja, msigeuze shingo kumtafuta. Mimi mwenyewe tangu nisimame hapa sijaangalia upande wowote, naangalia hiyo mikungu ya ndizi tu.

Ndugu zangu, kifua changu mnakijua pengine kuliko ninavyokijua mimi, maana ninyi ndio mlikichangia. Mnanikumbuka nilivyokuwa nikija kanisani, nikipanda zile ngazi za mlangoni napumzika katikati kama bibi. Kwaya ikiimba ubeti wa pili mimi bado natafuta pumzi ya ubeti wa kwanza. Mlango mmoja wa moyo wangu ulikuwa umeharibika tangu utoto, haufungi, damu inakwenda na kurudi. Mkauza kakao, mkauza mpunga, akina mama wengine mkaleta kuku wenu wa mwisho. Nikapelekwa nje ya nchi, nikapasuliwa, ule mlango mbovu ukatolewa nikawekewa wa chuma. Mkikaa karibu nami kukiwa kimya mtausikia, tik, tik, tik. Mume wangu husema yeye ndiye mwanamume pekee Bujonde aliyeoa mke akapewa na saa ya ukutani.

Sasa, mlango wa chuma una jambo lake. Damu ikiuona inauona mgeni, inataka kumgandia. Kwa hiyo mtu kama mimi hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yake yote. Dawa ikipungua, damu inaganda pale kwenye chuma, kipande kinachomoka kinakwenda kichwani, unaamka upande mmoja haupo. Dawa ikizidi, damu inakuwa maji, ukijikwaruza haisimami. Katikati ya vifo hivyo viwili kuna njia nyembamba kama tuta la jaruba la mpunga, na mimi ndipo ninapotembea. Ili nijue kama bado niko juu ya tuta, damu yangu lazima ipimwe. Namba yangu niliyoambiwa ni kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikishuka chini ya hapo niongeze nusu kidonge, ikipanda nipunguze. Nilifundishwa hivyo hadi nikawa naota tarakimu.

Kipimo hicho hapa kwetu hakikuwepo. Ni kupanda hadi Mbeya, kona zote zile za Tukuyu, na mimi gari hunitapisha kabla hata ya mlima kuanza. Daktari aliyenipasua alipojua ninatoka wapi, akanionea huruma. Akanipa mashine. Ni mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mkononi, unachoma kidole, unadondosha tone la damu kwenye ukanda mwembamba, baada ya muda mfupi inakuandikia namba yako. Huo ukanda wanauita stripu. Unatumika mara moja unatupwa.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye mambo yote.

Stripu hazifanani. Za mashine nyingine hazifai kwa mashine yangu. Na hata zile za mashine yangu, kila boksi linakuja na kidude chake kidogo cha plastiki, mimi nakiita ufunguo. Unauchomeka ubavuni mwa mashine, ndio unaoiambia mashine: stripu za boksi hili zina tabia hii, zisome hivi. Boksi jingine, ufunguo mwingine. Ukitia ufunguo wa boksi hili ukasoma stripu za boksi lile, mashine haitalia wala kugoma. Itakuandikia namba, nzuri, nyeusi, imenyooka. Namba ya uongo.

Kila stripu imefungwa peke yake katika karatasi ya kung'aa, na juu ya karatasi pana alama ndogondogo kama mayai ya chawa. Alama hizo lazima zilingane na zile za kwenye boksi na zile ambazo mashine inaonyesha. Tena stripu hizo hazitaki joto. Ndugu zangu, Kyela hii. Joto letu mnalijua, hata mshumaa unapinda mchana.

Na bei. Boksi moja lilimeza gunia langu zima la mpunga likabaki na njaa.

Basi katika hali hiyo akatokea mtu. Nitamwita msimamizi, kwa sababu ndivyo alivyo, alitusimamia ndoa yetu mimi na mume wangu. Mnajua msimamizi kwetu ni nani. Mkigombana, unamwendea yeye kabla ya wazazi. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Siku ya arusi yangu alishika mwavuli juu ya kichwa changu kutoka nyumbani hadi kanisani, mvua ya Kyela inamnyeshea yeye, suti mpya ya kuazima inachuruzika, na watu wanamcheka. Akasema, "Nichekeni tu, shemeji yangu hatalowa."

Hilo nililiweka moyoni. Bado limo, na ndilo linaloniuma.

Msimamizi ni mfanyabiashara wa mchele. Tangu soko lifunguliwe, na ushirika uache kutuchukulia mpunga wetu kwa ahadi, watu kama yeye ndio wameibuka. Ananunua kwetu, anakoboa, anapakia lori hadi Dar es Salaam. Aliposikia ninavyohangaika na stripu, alikuja nyumbani, akaketi, akasema, "Shemeji, mimi Dar ndiyo njia yangu. Siku hizi kule kila kitu kinaingia. Niachie mimi."

Mume wangu akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nikapika mbalaga, ndizi na samaki wa ziwa, chungu kizima. Siku ile alikula akashiba, akaanza kutusimulia habari za mchele. Mnajua mchele wa Kyela unavyonukia, na wateja wa Dar wanavyoulilia. Akasema anachukua mchele wa mabondeni huko kwingine, usio na harufu, wa bei ndogo, anaumwaga kwenye turubai na kuuchanganya na wetu kidogo. Gunia likishajaa huo, juu kabisa anaweka wa Kyela mtupu. "Mteja anafungua mdomo wa gunia, harufu inampiga, anafumba macho," akasema, na yeye mwenyewe akafumba macho kutuonyesha. "Hiyo harufu ndiyo inayobeba ule mwingine wote."

Tulicheka. Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Nami nilicheka, nimeshika mwiko. Tulimwona mjanja. Waliokuwa wanaliwa walikuwa watu wa mbali.

Boksi la kwanza alilolileta lilikuwa zima. La pili zima. Alikuja nayo yamezungushiwa barafu kwenye chupa kubwa ya chai, anatembea nayo kama amebeba mtoto mchanga. Tena alinipunguzia bei. Alisema duka la huko wamemzoea, wanampa kwa hisani, naye hisani hiyo anaileta kwangu. Nilimwombea kila asubuhi. Mwenyezi Mungu ni shahidi, nilimtaja kabla ya kutaja wanangu.

Friji sina, umeme wenyewe haujafika kwetu. Pale mjini kuna mzee wa Kiislamu mwenye duka, asili yake pwani, anauza sukari, vitenge na soda baridi. Huyo alinipa nafasi katika friji lake la soda. Nikienda mjini kwa baiskeli, mume wangu mbele mimi nyuma na mashine yangu kwenye kikapu, nafika pale, natoa stripu moja, naisubiri ubaridi uitoke, najichoma kidole nyuma ya kaunta. Wateja wake wakawa wamezoea. Mmoja alinyoosha shingo siku moja akauliza, "Mzee, huyu mama unamuuzia nini hadi atoe damu?"

Mzee akamjibu, "Ndiyo bei ya sukari ya wiki hii. Wewe zamu yako inakuja."

Boksi la tatu ndilo lililoniangusha. Lilipofika lilikuwa limekwisha funguliwa. Msimamizi akasema walilikagua njiani. Ufunguo ulikuwemo. Nikatoa stripu za juu, nikazilinganisha alama, zote sawasawa, za chini sikuzikagua tena. Nikapima, namba yangu ikaja palepale ninapopataka. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye.

Baada ya muda, nilipokuwa nimeshafika katikati ya boksi, namba ikaanza kushuka. Mashine ikasema moja nukta sita. Nikaogopa. Hiyo maana yake damu inaanza kuwa nzito, chuma kinagandiwa. Nikaongeza nusu kidonge kama nilivyofundishwa. Nikarudi kupima, imeshuka zaidi. Nikaongeza tena. Niliacha hata majani ya maboga, maana mboga za majani huipinga hiyo dawa. Nikala ndizi na chumvi kama mtu aliyefiwa. Mashine bado inasema, damu yako nzito, ongeza.

Na mwili wangu ulikuwa unaniambia kitu kingine. Nikipiga mswaki, povu jekundu. Mtoto akiniegemea mkononi, panabaki alama ya zambarau. Nilimwambia msimamizi. Akasema, "Shemeji, mwili unadanganya, mashine haidanganyi. Mashine ni ya wazungu." Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Alikuwa yeye.

Halafu ikaja siku ya ruba.

Tulikuwa tunapalilia mpunga kule bondeni, maji yamefika nusu ya muundi. Ruba kwetu ni kitu gani? Tangu utoto tunawabandua tunawatupa, tunaendelea na kazi na hadithi. Nikambandua mmoja juu ya kifundo cha mguu. Damu ikatiririka, sikujali. Tukafika mwisho wa jaruba, bado inatiririka. Dada mmoja wa kwaya, yupo hapa, akaniambia, "Gwe, mbona maji yako ni mekundu?" Nikatazama nyuma. Palipokuwa nimepita palikuwa na utepe mwekundu ndani ya maji, umepinda kufuata miche, kama mtu ameshona nyuma yangu kwa uzi. Tukafunga khanga, khanga ikalowa. Tukafunga ya pili. Jua lilipofika utosini nikaona mpunga wote umekuwa mweupe, na sauti ya chuma changu naisikia ndani ya masikio, tik, tik, inakimbia.

Ninayoyajua baada ya hapo nimesimuliwa. Akina mama mlinibeba kwa machela ya khanga hadi barabarani. Gari la mkandarasi wa barabara likasimama. Nikafikishwa hospitali ya wilaya, nikakimbizwa Mbeya. Damu yangu ilipopimwa kule, namba ilikuwa imepanda hadi daktari akaagiza kipimo kirudiwe, akidhani kimekosewa. Mashine yangu inasema damu ni nzito kama uji, kumbe ilikuwa maji matupu. Nikachomwa sindano, nikatundikiwa damu. Damu hiyo ilitoka kwenu. Wanakwaya walipanda Mbeya kwa gari la mkaa, wakatoa mikono.

Msimamizi naye alikuja. Alikuja na machungwa, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia. Machozi ya kweli, niliyaona yakidondoka kwenye shuka. Akasema, "Shemeji, ni lile friji. Yule mpwani wako anazima friji kuokoa umeme, stripu zimeoza. Tangu lini mtu wa duka akahifadhi kitu bure?"

Mume wangu akashuka Kyela na hasira zake zote, akaingia dukani akamfokea mzee yule mbele ya watu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, "Baba, friji langu huzimwa na serikali, mimi sina hata ujuzi wa kulizima. Lakini mkeo akitoka hospitali, mlete. Nafasi yake ipo palepale kati ya soda nyekundu na soda nyeusi." Mume wangu aliporudi alinisimulia hayo huku ameinamisha uso.

Nikatoka hospitali, nikarudi nyumbani, dhaifu kama kifaranga. Sijui nimtilie nani shaka. Mashine? Friji? Mikono yangu?

Nikiwa nimekaa barazani mchana, akaja mama mmoja nisiyemjua, ameshuka kwenye baiskeli ya kukodi, vumbi hadi kope. Akaniamkia, akasema anatoka Mwaya. Nikampa maji. Akanywa, akarudisha kikombe, halafu akasema, "Dada, samahani. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

Akafungua kikapu. Ndani mlikuwa na mashine. Ndugu zangu, mashine kama yangu, pacha wake. Mume wake naye alipasuliwa moyo, naye ana chuma. Naye stripu zake zilikuwa zinaletwa kwa hisani na mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu mwema sana, alisema, mtu wa kanisa.

Nikamuuliza, "Alikuletea boksi?"

"Hapana, kwenye mfuko wa nailoni. Ufunguo akasema nitumie uleule uliokuwa kwenye mashine, haina shida. Nikatumia." Akaipangusa mashine vumbi kwa khanga. "Mashine ikawa inasema damu ya baba watoto nyepesi, nyepesi. Tukapunguza dawa. Tukapunguza. Ameanguka akiwa anakata ndizi. Mkono wa kulia hauna kazi tena, na maneno yanatoka nusu. Daktari wa Mbeya ndiye ameniuliza, ufunguo wa stripu hizi uko wapi? Nikamwendea yule baba. Akaniambia, wala hakusimamisha kazi yake, 'Upo kwa shemeji yangu Bujonde, mtaazimana.'"

Niliingia ndani nikachukua boksi langu, lile mume wangu alilolitoa dukani siku ya hasira zake, nikatandika mkeka. Yeye akamwaga zake, mimi nikamwaga zangu, zote hadi ya mwisho. Tukaanza kusoma alama kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Za kwangu za juu, ambazo karatasi zake tupu nilikuwa nimezirudisha bokisini, alama moja, ileile ya boksi. Za chini, alama nyingine, na muda wake ulikuwa umepita zamani. Za kwake vilevile: chache zenye alama ya boksi langu, zilizobaki zile mbovu. Mfuko mmoja wa stripu zilizokwisha muda, zilizonunuliwa bei ya kutupa, na boksi moja zima lililogawanywa katikati. Zikachanganywa. Tukagawiwa mimi na yeye. Na kwa kuwa funguo zetu zilikuwa tofauti, mashine moja ikadanganya kushuka, nyingine ikadanganya kupanda. Mimi nikamwaga damu bondeni, mume wake akagandiwa kichwani.

Mama yule akanitazama. Akasema taratibu, "Kumbe tumekula sahani moja."

Tukaenda wote wawili ghalani kwa msimamizi. Tulimkuta na vibarua, turubai limetandazwa, sepetu zinapanda na kushuka, mchele unachanganywa. Vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi. Aliponiona alifurahi, akafungua mikono. Alipomwona aliye nyuma yangu, mikono ikashuka.

Nikamwonyesha karatasi mbili za kung'aa kwenye kiganja. Nikamwambia, "Shemeji, soma."

Hakuzisoma. Akasema, "Shemeji, stripu ni stripu. Zimetoka kiwanda kimoja. Bei imepanda, ningewaleteaje ninyi wawili maboksi mawili? Nimegawa ili kila mtu apate kidogo zilizo mpya. Sisi watu wa huku hatugawani mbegu? Mimi nimewasaidia."

Na nawaambia, kwa muda kidogo nilitaka kumwamini. Moyo wangu wa chuma na wa nyama, wote ulitaka. Nilimwona akiwa na ule mwavuli. Nilitaka aseme hakujua, nami niseme basi, yaishe, twende nyumbani nikupikie.

Nikamuuliza, "Hukujua kuwa si sawa?"

"Haki ya Mungu, sikujua."

"Basi kama zote ni sawa, nzuri uliziweka juu kwa nini?"

Vibarua waliacha sepetu. Msimamizi akatazama magunia yake yaliyokwisha kujazwa, yamepangwa ukutani, midomo myeupe. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, usiniaibishe mbele ya vibarua."

Hilo ndilo jibu nililopata. Sijapata jingine hadi leo.

Njiani mama wa Mwaya akasema, "Nilimpelekea kuku yule baba. Jogoo." Tukatembea. Baadaye kidogo akasema tena, "Jogoo mzuri kabisa."

Ukoo wa mume wake ulimwita msimamizi kikaoni, akatozwa ng'ombe. Ng'ombe yupo, anakula majani, mkono wa mtu haujarudi. Wengine mliniuliza kwa nini mimi sikwenda polisi. Muulizeni mume wangu. Yeye alilala chini, mtu mzima, akasema, "Nimekua naye. Tumechunga pamoja. Usinifanye nichague." Sikumfanya achague. Lakini ilipita miezi tukila bila kutazamana.

Ndugu zangu, watu huniuliza, umepona? Damu imepona. Alama za zambarau zimekwisha. Ila nikipewa kikombe cha chai na mtu ninayempenda, jicho langu linakwenda chini ya kikombe, linatafuta. Hilo halina sindano.

Sasa niwaambie tunavyoishi, halafu nishukuru, niketi.

Mimi na mama wa Mwaya tumekuwa ndugu. Tunanunua boksi moja, kwa pamoja, tunachangia nusu kwa nusu, na mashine tunatumia moja ili ufunguo uwe mmoja. Yake imepumzika kikapuni. Siku ya kupima anamleta mume wake kwa baiskeli hadi mjini, nasi tunakutana pale dukani nyuma ya kaunta. Boksi analiagiza yule mzee kwa mpwa wake aliye Dar, linakuja kwa basi, gundi ya kiwandani haijaguswa. Mzee halifungui. Anatungoja sote. Tunapofika anatupatia ungo wa mke wake, tunalimwaga boksi zima kwenye ungo kama mchele wa kuchagua, na tunaanza kusoma zile zilizokuwa chini. Mume wa mama yule, maneno yake bado nusu, yeye ndiye anayeshika ufunguo kwa mkono wake wa kushoto, na tukisoma kila alama anaitikia, "Ndiyo." Neno hilo analitoa zima.

Nawashukuru wanakwaya, mliopanda Mbeya juu ya magunia ya mkaa mkanipa damu. Ndaga fijo. Nawashukuru mlionibeba kwa khanga, na ninazo khanga zenu mbili hazikutakata, nitanunua nyingine. Namshukuru mzee wa duka, ambaye leo hayumo humu, ila amenipa kilo ya sukari niweke kwenye sadaka, na ameniagiza niwaambie haikulipiwa kwa damu. Namshukuru mama wa Mwaya, yule pale amevaa kitenge cha kijani. Simama, dada, wakuone.

Na fundisho, maana mwenyekiti atanidai. Nitalisema kwa kifupi. Sisi wenyewe tunanunua na kuuza mchele. Mnunuzi asiyekujua huja na bambo lake, analichoma gunia lako ubavuni, anatoa punje za ndani anazitazama, nawe hukasiriki. Lakini atakayekuletea dawa, kipimo, kitu cha kuingia mwilini mwa mtoto wako, unaona haya kukichoma bambo kwa sababu mmejuana. Chomeni. Anayekupenda atakushikia gunia. Na siku mtu akikusimulia anavyowachanganyia watu wa mbali, usicheke. Mimi nilicheka.

La mwisho kabisa. Mavuno haya, msimamizi alileta gunia la mchele nyumbani kwangu. Hakuingia. Aliliegemeza mlangoni akaondoka. Mume wangu akataka tulifungue tule, akasema ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, hajui nyingine. Mimi nikasema halitafunguliwa nyumbani kwangu. Basi amelibeba kwa baiskeli hadi hapa, ni lile pale kwenye mazao ya shukrani, la mwisho upande wa dirisha, lenye mshono wa uzi wa buluu. Nalitoa sadaka. Mchungaji, huo ndio umbali niliofika katika kusamehe, wewe uliniuliza.

Sijui kilichomo. Inawezekana ni mchele wa Kyela mtupu, unaonukia kuanzia juu mpaka kwenye kitako cha gunia. Ikiwa hivyo, nitafurahi kuliko mtu yeyote humu ndani, na nitakwenda kwake leo leo kwa miguu yangu.

Wazee wa kanisa, naomba msiukate huo uzi wa buluu. Lilazeni gunia, mlifungue upande wa chini.